Nimepewa risala ya kumsifu Sista, na bweni linafungwa kwa nje

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu katika sekondari ya bweni ya wasichana, mali ya shirika la masista, huku Nyanda za Juu Kusini. Naomba usichapishe jina langu wala la jimbo letu. Nafundisha Historia, na ndimi mwalimu wa malezi, kwa hiyo mambo ya mabweni yanapitia kwangu. Naishi nyumba za walimu, ndani ya uzio wa shule.

Mkuu wetu wa shule ni Sista ambaye sijui nikueleze vipi ili umwone. Alikabidhiwa shule yenye madarasa yasiyo na dari, maji ya kuchota mtoni, na matokeo ya kidato cha nne ambayo wazazi waliyaonea aibu. Leo wasichana wetu wanaingia vyuo vikuu, na wengine ni madaktari. Wazazi wanasafirisha mabinti kutoka Dar es Salaam na Mwanza kuwaleta kwetu. Yeye mwenyewe analala chumba chenye kitanda na meza, basi. Mimi nilisoma hapa. Baba alipofariki nikiwa kidato cha tatu, mama alikuja kuniombea ruhusa ya kurudi nyumbani kwa kuwa ada ilikuwa imeshindikana. Sista akamwambia, "Mama, mwache mtoto asome, hayo mengine tutazungumza." Hayo mengine hayajawahi kuzungumzwa mpaka leo. Nilipomaliza chuo, ndiye aliyeniita kuja kufundisha.

Mwaka huu shule inaadhimisha jubilei ya miaka 25. Baba Askofu ataongoza Misa, mama mkuu wa shirika atakuwepo, na kamati imeamua Sista apewe ngao na zawadi kwa uongozi wake. Mimi nimepewa kuandika risala ya walimu na kuisoma mbele ya wageni. Wote waliona ndimi ninayefaa, na kweli nilifurahi.

Sasa shida yangu. Mabweni yetu mawili yanafungwa kwa kufuli, kwa nje, kuanzia taa zinapozimwa baada ya sala ya usiku hadi kengele ya alfajiri. Madirisha yana nondo. Mlango wa dharura wa nyuma upo, ila nao una kufuli, na kwa ndani umezibwa na matranka ya wasichana. Funguo zote anazo matroni, ambaye chumba chake kipo bweni la kwanza. Bweni la pili, ambalo wasichana wamejaa kwenye dabo deka, halina mtu mzima.

Haikuwa hivi zamani. Kuna mwaka wanaume waliingia bwenini usiku. Sitaeleza yaliyotokea, ila wapo wasichana ambao hawakurudi shuleni tena. Tangu hapo Sista akaweka nondo na makufuli, na wazazi walimshukuru sana.

Muhula uliopita msichana wa kidato cha pili alificha hita ya kuchemshia maji chini ya kitanda, bweni la pili. Umeme ulikatika, akapitiwa na usingizi bila kuichomoa. Umeme uliporudi usiku wa manane blanketi likashika moto. Wasichana walipiga kelele na kugonga mlango muda mrefu. Mlinzi alidhani wanagombana, baadaye akaenda kumwamsha matroni, naye akaanza kutafuta ufunguo. Mlango ulipofunguliwa walikuwa wameshauzima moto wenyewe kwa maji ya kuogea. Mmoja aliungua mkono. Wazazi wake waliambiwa ni chai ilimmwagikia. Wazazi wengine hawakuambiwa lolote.

Nililisema kwenye kikao cha walimu. Sista alinyamaza, kisha akasema tutaliangalia baada ya jubilei, kwa sasa fedha zote zimekwenda kwenye ukumbi na rangi. Tulipotoka, mwalimu mwenzangu alinivuta pembeni akaniambia nisiwatie mchanga kwenye kitumbua. Haikupita muda nikaletewa taarifa ya usalama inayokwenda kwa bodi ya shule, niweke sahihi kama mwalimu wa malezi. Imeandikwa kwamba milango ya dharura inafanya kazi na kwamba wanafunzi hufanya mazoezi ya kujiokoa na moto kila muhula. Tangu nianze kazi hapa sijaona zoezi hilo. Sijasaini. Karatasi ipo kwenye droo yangu. Na kwenye rasimu ya risala ambayo kamati imenipa nianzie, kuna sentensi inayosema shule yetu ni "mahali salama kuliko nyumbani".

Nilimwambia padre mlezi wa shule katika kitubio. Alinisikiliza, akanitia moyo nisali na nitende kwa busara. Tangu siku hiyo tunaonana mara kwa mara na hajasema neno. Nimeanza kujiambia kwamba kama padre anajua na ametulia, labda ni mimi ninayekuza mambo.

Mtoto wa marehemu dada yangu yuko kidato cha kwanza. Analala bweni la pili.

Nifanye nini, mama? Nisome risala huku najua ninachokijua? Nikikataa nitakuwa nimemwaibisha mbele za watu mtu aliyenilea. Nikimwandikia Baba Askofu wanaweza kuifunga shule, na kidato cha nne wanakaribia mtihani. Nikienda Zimamoto, kila mtu atajua ni mimi, na mkataba wangu unaisha Desemba. Na huyu mtoto, nimhamishe? Usingizi umenikimbia.

Mwalimu wa malezi

*

Marahaba, mwalimu, na pole sana. Nimeisoma barua yako polepole, na sikuona ndani yake neno hata moja la kumchukia Sista. Unampenda. Una deni kwake ambalo yeye hajawahi kulidai. Umeombwa umsifu hadharani kwa mambo ambayo mengi ni kweli tupu, na wakati huohuo kuna karatasi kwenye droo inayotaka useme jambo ambalo si kweli, na kuna wasichana wanaofungiwa kila usiku, mmoja wao damu yako. Yote haya umeyabana kwenye swali moja la kusoma au kutosoma risala. Mimi naona ni mambo matatu, na hayana haraka sawa. Risala ina siku yake. Karatasi haiendi popote bila sahihi yako. Kufuli litafungwa leo usiku.

Kwa hiyo nianze na kufuli. Unajiuliza kama unakuza mambo. Hukuzi. Wewe ni mwalimu wa Historia, na historia hii imeandikwa kwetu wenyewe. Mwaka 1994 bweni la sekondari ya wasichana ya Shauritanga, Rombo, liliungua usiku na wakafa wasichana zaidi ya 40. Agosti 2009 wakafa wasichana 12 katika bweni la sekondari ya Idodi, Iringa, huko huko kwenu Nyanda za Juu. Nchini Kenya walikufa wasichana 26 wa Bombolulu mwaka 1998, na wavulana 67 wa Kyanguli, Machakos, mwaka 2001. Katika mabweni hayo mawili ya Kenya madirisha yalikuwa na nondo na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Serikali ya Kenya ilipotoa mwongozo wake wa usalama wa shule mwaka 2008, iliandika waziwazi kwamba madirisha ya bweni yasiwe na nondo, milango ifunguke kwa kwenda nje, na mlango usifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wakiwa ndani. Kila sharti hapo lilitokana na watoto waliokwisha kuzikwa.

Godoro la sponji likishika moto halikupi nafasi ya kutafuta ufunguo. Moshi wake ni mzito na una sumu, na humwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Wasichana wako waliokolewa na ndoo za maji ya kuogea na ujasiri wao wenyewe. Mfumo wa shule haukuwaokoa, maana mlinzi, matroni na ufunguo vyote vilifika moto umeshazimika. Hilo ndilo Sista anapaswa kulisikia, na nina wasiwasi hajalisikia hivyo.

Hapo ndipo nataka nikuulize kwa upole. Umeandika kwamba alinyamaza kwanza, kisha akasema "baada ya jubilei". Wewe ulisikia kwamba sherehe imewekwa mbele ya watoto. Inawezekana. Lakini uliniambia pia kwamba nondo zile zilikuja baada ya usiku mwingine, usiku wa wale wanaume. Mkuu wa shule aliyepokea wasichana alfajiri ile, akawapigia simu wazazi, akawaona wengine wakiondoka wasirudi tena, mtu huyo halioni kufuli kama unavyoliona wewe. Kwake kufuli ndilo lililowalinda wasichana miaka yote hii. Anaogopa mlango ulio wazi, nawe unaogopa uliofungwa, na nyote mnawaogopea watoto walewale. Ukimwendea na maneno "mlango ufunguliwe", atasikia kwamba unataka kuwarudisha wale wanaume.

Tena inawezekana aliposikia neno usalama alisikia fedha: kubomoa ukuta, mlango mpya, fundi, ankara. Mambo ya kwanza hayahitaji bajeti ya jubilei. Komeo la ndani badala ya kufuli la nje, ambalo aliye ndani hulivuta kwa mkono bila ufunguo na aliye nje hawezi kulifungua. Matranka yahamishwe kutoka mlango wa dharura, na mlango huo nao uwekewe komeo la namna hiyo. Mtu mzima alale bweni la pili. Mlinzi aelekezwe kwamba kelele za bwenini usiku ni za kukimbilia. Nondo za dirisha zinaweza kuwekwa bawaba ili zifunguke kwa ndani, kazi ambayo fundi wa kuchomelea wa mjini anaifahamu. Na hita zile zikaguliwe, ila pia muulizeni msichana kwa nini alichemsha maji usiku. Baridi ya huko kwenu naijua. Pengine maji ya moto ya kuoga yakipatikana jikoni alfajiri hakuna atakayeficha hita.

Haya hayakosi hatari, na usimfiche. Komeo la ndani linaweza kuvutwa na msichana anayetaka kutoka usiku, au anayetaka kumfungulia mtu. Sista atalisema hilo mara moja, na atakuwa na haki. Jibu lake ni mtu mzima ndani, taa nje, na mlinzi anayezunguka, jambo ambalo ni gumu kuliko kununua kufuli, na atahitaji watu wa kumsaidia kulibeba.

Kama ungependa kujaribu njia hii, nadhani kikao cha walimu hakikuwa mahali pake. Kiongozi akiambiwa mbele ya walimu wote kwamba watoto walinusurika mikononi mwake, hujikuta anajitetea kabla hajafikiri. Mwendee jioni, baada ya Masifu, ile sala yao ya jioni, mkiwa wawili. Mweleze usiku ule dakika kwa dakika, kama ulivyonieleza mimi. Mwambie unamwogopea na yeye, maana jambo likitokea ndiye atakayesimama mbele ya makaburi na mbele ya mahakama. Kabla hujaenda, amua moyoni utasubiri hadi lini akikujibu tena "baada ya jubilei". Usipoamua mapema, heshima yako kwake itakuamulia, na heshima yako haina kikomo.

Kuhusu padre, ngoja nikutue mzigo mmoja. Ulimwambia katika kitubio. Sheria ya Kanisa haimruhusu kufichua kilichosemwa kwenye kitubio, wala kukitumia kwa namna yoyote itakayomdhuru aliyeungama. Hawezi kwenda kwa Sista wala kwa Askofu, na hawezi hata kukuanzishia wewe mazungumzo hayo mkikutana uwanjani. Ukimya wake haukuambii kama anaona jambo ni dogo au ni kubwa. Huenda linamkosesha usingizi naye pia. Ukitaka asaidie, mfuate ofisini kama mwalimu, umweleze upya nje ya kitubio, na hapo atakuwa huru kukujibu na kutenda.

Karatasi iliyo kwenye droo ni jambo lingine, na hapa nitakuwa mkweli zaidi kuliko mpole. Bodi ya shule inategemea taarifa ile. Ukisaini, jina lako ndilo litakalokuwa linawaambia kwamba milango inafunguka. Unaweza kuirudisha bila sahihi na kusema sababu kwa mdomo. Unaweza kuandika taarifa yako fupi ya yale unayoyajua, ukasaini hiyo, ukabaki na nakala. Njia ya pili inaacha ushahidi na inaweza kuonekana kama ukaidi. Ya kwanza ni laini, lakini mwingine anaweza kutafutwa asaini badala yako na bodi isijue kamwe. Wewe ndiye unayewafahamu watu wa hapo.

Halafu kuna yule msichana aliyeungua, ambaye naona barua yako imempita haraka. Wazazi wake wanaamini ni chai. Huyo mtoto amebebeshwa uongo wa watu wazima, na kila akienda likizo anaulizwa habari ya mkono. Je, kuna aliyekaa naye? Na wale waliogonga mlango gizani, kuna aliyewauliza wanalalaje? Hiyo ni kazi yako ya malezi hasa, na huhitaji ruhusa ya kamati ya jubilei kuianza kesho. Kuwaambia wazazi ukweli ni juu ya shule, na ningependa litoke kwa Sista mwenyewe. Lakini fahamu kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa pale anapojua haki au ustawi wa mtoto unavunjwa. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, na unaweza kuwapigia hata kwa kuuliza tu.

Sasa juu ya Sista wapo wakubwa wake, nawe unawaogopa. Shule ni ya shirika, kwa hiyo mama mkuu ana sauti ya kwanza. Askofu naye si mgeni tu wa kukata keki. Kanuni ya 806 ya Sheria ya Kanisa inampa haki ya kuzisimamia na kuzitembelea shule za kikatoliki zilizo jimboni mwake, hata zile zilizoanzishwa au zinazoongozwa na mashirika ya kitawa. Kumwandikia si kumsengenya Sista. Kanisa lenyewe limeuweka mlango huo. Hatari yake ni kwamba Sista akilisikia kwa Askofu kabla ya kulisikia kwako, jeraha hilo litachukua miaka kupona, na huenda lisipone.

Unasema wataifunga shule. Nani amekuambia? Kukagua si kufunga. Sheria ya mwaka 2007 inalipa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mamlaka ya kukagua majengo, na jeshi hilo pia huenda mashuleni kufundisha wanafunzi na walimu namna ya kujiokoa. Kuna tofauti kubwa kati ya shule iliyoshtakiwa kwao na shule iliyowaalika. Sista akiandika barua ya mwaliko leo, atakuwa kiongozi aliyechukua hatua. Ukienda wewe peke yako, wataangalia mlango uleule, lakini hadithi itakuwa nyingine. Hata hivyo njia hiyo ipo, na kama milango mingine yote imekataa, isiondoe mezani kwa sababu ya sherehe. Wanaweza kuagiza bweni la pili lisilaliwe hadi litengenezwe. Kidato cha nne wanaweza kulala ukumbini kwa muda na mtihani wao wakaufanya.

Kuhusu mkataba wako sitakudanganya. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa ya mwaka 2015 ipo, kwa ajili ya mtu anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inatambua kwamba kutohuisha mkataba, pale ambapo mfanyakazi alikuwa na sababu za msingi kutarajia utahuishwa, kunaweza kuhesabiwa kama kuachishwa kazi isivyo halali, na malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Lakini shauri huchukua muda, na wewe unaishi nyumba ya shule. Ukipoteza kazi unapoteza na paa. Ongea na mtu wa chama cha wafanyakazi kabla, weka akiba kidogo, na usibebe jambo hili peke yako. Yupo mwalimu mwingine aliyekuwa kwenye kikao kile ambaye alinyamaza huku akikubaliana nawe. Mtafute.

Njia moja naiogopa, nayo ni kundi la wazazi la WhatsApp. Wazazi wana haki ya kujua, hilo sina shaka nalo. Lakini habari ikitoka huko usiku, kufikia asubuhi itakuwa ni bweni limeteketea, jina la aliyeungua litakuwa kwenye simu za watu wasiomjua, na mjadala utahama kutoka mlangoni kwenda kwa mtu aliyevujisha.

Tumefika kwenye risala. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Wazazi wengi walinung'unika, na kwenye mabango ya shule zetu mpaka leo kinachotangulia ni idadi ya divisheni wani. Tumezoea kumheshimu mkuu wa shule kwa kitu kimoja kinachohesabika. Sista wenu amefanya zaidi ya hicho: alikusomesha wewe, na analala kwenye chumba chenye kitanda na meza. Hayo ni kweli, na yakisemwa mbele ya Askofu hayatakuwa unafiki. Nadhani unaogopa kwamba kumsifu ni kuhalalisha kufuli. Sioni hivyo. Sentensi moja tu katika ile rasimu ndiyo ya uongo, na ikiondoka, risala inaweza kubaki.

Lakini je, utaweza kuisoma? Hilo ni swali la koo lako, mimi siwezi kukujibia. Unaweza kuondoa sentensi ile na kusoma yaliyo kweli. Unaweza kumpa mwingine asome na kusema huwezi, bila maelezo, ingawa Sista atajua na pengine ataumia kuliko ukimwambia. Kama komeo litakuwa limewekwa kabla ya siku hiyo, unaweza kuomba ruhusa yake uliseme kwenye risala kama jambo alilolifanya mwaka wa jubilei, na mama mkuu akalisikia kwa ajili ya shule nyingine za shirika. Ninachokuombea usifanye, nalisema kwa upendo, ni kulifichua jambo hili pale jukwaani kwa mara ya kwanza. Ngao ikiwa mkononi mwake na vigelegele vinaendelea, hakuna atakayesikia habari ya mlango. Watasikia mtoto aliyemgeuka mama yake.

Umeuliza kuhusu mtoto wa dada yako. Kumhamisha shule katikati ya mwaka si jambo dogo kwa mtoto aliyekwisha kufiwa na mama, na pengine wewe ndiye uliyebaki naye. Unaweza kuomba ahamie bweni la kwanza alipo matroni. Hakuna atakayekulaumu, mimi nisingekulaumu. Ila huko pia mlango unafungwa kwa nje. Na siku utakayokwenda kuomba nafasi hiyo, Sista atakuuliza kwa nini, nawe utakuwa umekaa mbele yake, mkiwa wawili. Fikiria utamjibu nini. Kisha niandikie, nami nitakujibu, hata kama si kwenye safu hii.